Vitongoji vitatu, Jumatano moja: familia ilivyochagua pa kununua nyumba

Mume na mke, watoto wawili wa miaka 9 na 4, mkopo wa miaka 25 ulioidhinishwa na benki, na vitongoji vitatu mezani. Familia hii nimeiunda mimi kwa ajili ya uchambuzi na namba zake nimezipanga mwenyewe, ila ugomvi wao si wa kutunga: hutokea popote watu wawili wanapotafuta nyumba moja. Mume alitaka kitongoji kipya kilichopimwa juzijuzi nje kabisa ya mji. Mke alitaka cha bondeni, cha zamani, chenye miti mikubwa. Cha tatu kiko kando ya reli. Hicho dalali ndiye aliyekiingiza kwenye orodha, na hakuna aliyekipenda.

Bei nitazitaja kwa uwiano tu. Nyumba ya kitongoji kipya tuiite 100. Ya bondeni ni 88. Ya relini ni 104, ingawa ndiyo ndogo kuliko zote: vyumba vitatu vya kulala, bafu moja, na dirisha la jikoni linalotazama ukuta wa jirani.

Walikuwa tayari wameshatengeneza jedwali. Bei, ukubwa, shule, usalama, safari ya kazini, kelele, kila safu na alama zake kuanzia 1 hadi 10. Kitongoji kipya kilipata 47, bondeni 46, relini 38. Mimi jedwali la namna hii siliamini sana. Anayetoa alama ameshaipenda nyumba fulani kabla hajashika kalamu, na alama zinafuata nyuma kama mashahidi walioandaliwa. Lakini lina faida moja: linaonyesha kitu gani kimepitiwa haraka. Hapa kilichopitiwa haraka kilikuwa safu ya safari. Kitongoji kipya, wastani wa dakika 45 kwenda kazini. Bondeni, 43. Relini, 43. Wakaona hapa hakuna tofauti, wakaenda safu inayofuata.

Wastani ndio uliowaficha. Mume anafanya kazi eneo la viwanda, upande uleule wa kitongoji kipya. Akihamia huko atatumia dakika 15 tu. Mke yuko katikati ya mji, na kutoka huko atatumia dakika 75. Ukijumlisha ukagawa kwa mbili, unapata 45, namba isiyomhusu yeyote kati yao. Relini mume angetumia dakika 50 na mke 35. Bondeni, mume 40 na mke 45. Kwa hiyo safu waliyoiona haina tofauti ndiyo iliyokuwa na tofauti kubwa kuliko zote: kitongoji kipya kinamtua mume mzigo wote wa barabara na kumtwika mke.

Hesabu yake si ngumu. Kati ya kitongoji kipya na relini, mke anapoteza dakika 40 kila asubuhi na 40 kila jioni. Kwa siku 220 za kazi ni saa 293 kwa mwaka, yaani siku 36 na ushee za kazi ya saa nane. Mwezi mzima na zaidi wa kukaa kwenye foleni, kila mwaka, kwa mtu mmoja.

Watu wengi hujiambia kwamba foleni wataizoea. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walilitazama jambo hili kwa takwimu za Ujerumani na kuchapisha utafiti wao mwaka 2008. Kinadharia, mwenye safari ndefu angepaswa kuwa amefidiwa kwingine, kwa nyumba nzuri zaidi au mshahara mnono zaidi, hivyo kuridhika kwake na maisha kusipungue. Walichokuta ni kinyume: wenye safari ndefu walisema hawaridhiki na maisha kama wenzao, na fidia haikuonekana. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba chumba cha ziada kinakufurahisha unapokiona mara ya kwanza, kisha kinageuka kuwa chumba tu, wakati foleni kila siku inakuja na jambo lake: leo ajali, kesho mvua, keshokutwa lori limekwama.

Hata hivyo namba hizo peke yake hazikumtikisa mume. Kilichomtikisa ni zoezi dogo la karatasi mbili. Kila mmoja, bila kuchungulia ya mwenzake, aliandika Jumatano moja ya kawaida wakiwa wameshahamia kitongoji kipya: nani anatoka saa ngapi, gari liko na nani, watoto wako wapi.

Karatasi ya mume ilikuwa fupi. Saa moja na nusu asubuhi natoka. Saa mbili kasorobo kazini. Saa kumi na moja na robo nyumbani, mazoezi kidogo, chakula. Ya mke ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kujaa pande zote mbili. Saa moja kasorobo anatoka, saa kumi na mbili na robo jioni anarudi. Katikati aliandika: "Saa tisa na nusu baba anamchukua mkubwa, anampeleka mpira, anampitia mdogo chekechea." Kwenye karatasi ya baba, saa tisa na nusu hapakuwa na kitu.

"Nilidhani kutakuwa na basi la shule," akasema.

"Linamshusha wapi? Na pale linapomshusha yupo nani?"

Kimya kilichofuata kilikuwa na maana kuliko jedwali zima. Katika kitongoji kile, mzazi aliye karibu na watoto saa za mchana ni mmoja tu, baba, naye hakuwahi kuulizwa kama yuko tayari kuwa yeye. Mtoto akishikwa na homa darasani, anayepigiwa simu na kuweza kufika ndani ya robo saa ni yeye, kila mara. Huenda angekubali, na wapo wanaokubali kwa moyo mweupe. Ila lilikuwa jambo la kukubaliwa kwa kauli, siyo la kugunduliwa mwezi wa pili baada ya kuhamia. Nikiambiwa nichague swali moja tu la kumuuliza anayenunua nyumba ya familia nje ya mji, nitaacha bei na shule niulize hili: siku ya wiki ya kawaida, nani anabeba nini? Kitongoji unachokichagua kinagawa kazi za nyumbani kwa miaka mingi, nacho hakikuulizi kabla ya kugawa.

Kitongoji kipya kilikuwa na mambo mengine pia. Barabara za ndani zilikuwa pana na safi, lakini zilikuwa bado mali ya mwendelezaji, yaani yule anayejenga mtaa mzima na kuuza nyumba zake. Serikali ya mitaa haikuwa imezipokea. Maana yake taa zikizima au lami ikibonyea, anayelipa ni wakazi kupitia ada ya huduma. Ada yenyewe ilikuwa ndogo, kama ilivyo kawaida wakati nyumba bado zinauzwa. Mkataba uliruhusu ipande hadi asilimia 5 kila mwaka. Kwa mwendo huo inakuwa maradufu baada ya miaka 14 na kitu, mkopo ukiwa umebakiza zaidi ya muongo mmoja. Kwenye chama cha wakazi mwendelezaji alikuwa na kura nyingi kuliko wakazi wote, na angebaki nazo mpaka viwanja vingi viuzwe. Na kwenye ramani palikuwa na shule, kisanduku cha kijani kilichoandikwa "elimu". Kisanduku si shule. Cha kuuliza ni hati ya kiwanja hicho iko kwa jina la nani, na kama mamlaka ya elimu imeshaitengea bajeti. Majibu yalikuwa: mwendelezaji, na bado.

Kuna la mwisho ambalo wanunuzi wa nyumba mpya hulisahau. Ukilazimika kuuza baada ya miaka minne, unashindana na nani? Unashindana na mwendelezaji yuleyule, anayeuza nyumba mpya kabisa mtaa wa pili, tena kwa punguzo ambalo wewe huliwezi.

Kitongoji kipya kilishuka bei polepole moyoni mwa mume. Wakageukia kitongoji cha bondeni, na hapa mke ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Bondeni palipendeza kweli. Vivuli, barabara nyembamba zinazowalazimisha wenye magari kwenda taratibu, shule ya msingi yenye alama za juu kuliko zote tatu. Na bei 88! Bei ikiwa chini hivyo mahali pazuri hivyo, kuna mtu anajua jambo ambalo wewe hujalijua. Dalali alisema mwenye nyumba ana haraka. Inawezekana. Lakini katika ziara ya pili mke mwenyewe aliona kitu: soketi za umeme za ghorofa ya chini zilikuwa juu mno, usawa wa kifua, katika kila chumba. Za ghorofa ya juu zilikuwa chini kama kawaida. Stoo ilikuwa na kabati lililoegemezwa ukutani. Walipolisogeza, nyuma yake rangi mpya ilikuwa haijafika, na palikuwa na mstari wa rangi ya chai, usawa wa goti, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

Maji yalishafika hapo. Ramani ya mafuriko ilithibitisha: nyumba imo ndani ya eneo la kile kinachoitwa mafuriko ya miaka mia. Jina hili limewaponza wengi, kwa kuwa linasikika kama jambo la babu wa babu, likishatokea basi tumepumzika karne nzima. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mto kufika kimo hicho, na mwaka uliopita haukupi nafuu yoyote mwaka huu. Kwa mkopo wa miaka 25, uwezekano wa kupigwa angalau mara moja ni asilimia 22, zaidi ya moja kwa tano. Na hesabu hiyo inachukulia mto ubaki ulivyo. Kila mtaa unaojengwa juu ya bonde, kila paa na kila uwanja wa lami, unapeleka maji mtoni haraka zaidi kuliko ardhi iliyokuwa inayanywa. Anayenunua bondeni ananunua pia maamuzi ya watakaojenga huko juu.

Mke alijitetea kwa hoja nzuri: bima. Tatizo la bima ni muda. Mkopo ni wa miaka 25, bima kwa kawaida huhuishwa mwaka hadi mwaka. Kampuni inaweza kupandisha malipo au kukataa kabisa kuhuisha, na benki haitakusamehe rejesho kwa sababu hiyo. Nyumba isiyopata bima nayo ni ngumu kuuza, kwa kuwa mnunuzi wako atahitaji mkopo, na mkopeshaji wake atauliza bima. Hapo ndipo punguzo la 12 linapomezwa.

Kulikuwa na njia ya kati ambayo waliifikiria kwa siku kadhaa: nusu ya juu ya kitongoji hichohicho cha bondeni, mtaa ulioinuka nje ya mstari wa mafuriko. Nyumba huko zilikuwa 109. Ndiyo, hatari ya maji inauzwa na kununuliwa hadharani, ukijua pa kuisoma. Ilikuwa nje ya uwezo wao, basi.

Bondeni ilipoanguka, kilichomuuma mke hakikuwa miti. Kilikuwa shule.

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu shule ndiyo inayowafanya wazazi walipe kuliko walivyokusudia. Sandra Black, mchumi, alichapisha mwaka 1999 utafiti wa nyumba za vitongoji vya Massachusetts, Marekani, zilizo pande mbili za mpaka wa usajili wa shule: mtaa uleule, hali ileile, ila watoto wa upande huu wanaandikishwa shule hii na wa upande ule shule ile. Alikuta wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa shule yenye alama za mtihani zilizozidi kwa asilimia 5. Kwa hiyo alama za shule zimo ndani ya bei, na mnunuzi anazilipia kwa riba kama anavyolipia matofali. Mpaka wenyewe, hata hivyo, haumo kwenye hati ya nyumba. Mamlaka inaweza kuuchora upya shule ikijaa.

Tena, alama za mwisho zinaeleza zaidi ni watoto gani wanaingia kuliko wanafundishwaje. Shule inayopokea watoto waliokwishasomeshwa nyumbani itaonekana hodari hata ikilala usingizi. Kipimo chenye maana ni hatua: mtoto aliyeingia akiwa hapa, miaka mitatu baadaye yuko wapi? Shule ya relini ilikuwa ya kati kwa alama za mwisho. Walipoomba matokeo ya darasa lilelile kwa miaka mfululizo, ilionekana watoto wake wanapanda kwa kasi isiyopungua ile ya bondeni. Mke hakuridhika moja kwa moja. Alikwenda kukaa nyuma ya darasa la pili asubuhi moja, akarudi akisema mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina na anamsubiri anayesitasita amalize sentensi yake. Kwangu hilo lina uzito, ingawa halina safu kwenye jedwali.

Mume akaleta wazo la kusubiri: wapange miaka mitatu, waweke akiba, wanunue kule juu kwa 109. Kifedha si wazo baya. Kinacholipinga ni umri wa watoto. Wachumi Raj Chetty na Nathaniel Hendren, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mamilioni ya familia za Marekani zilizohama, walikuta kwamba mtoto anayehamia mahali ambapo watoto huja kufanikiwa zaidi ukubwani huikaribia hali ya wenyeji kwa takriban asilimia 4 kwa kila mwaka anaokulia hapo. Anayenufaika zaidi ni anayehama mapema. Kumsubirisha wa miaka 4 mpaka awe 7 si msiba. Kumsubirisha wa miaka 9 mpaka 12, ukamng'oa kwa marafiki mlangoni mwa ujana, ni jambo jingine.

Ndivyo walivyorudi relini, bila shauku, wakakuta wamekidharau kitongoji kwa sababu ya dirisha la jikoni.

Shule iko dakika nane kwa miguu, na njiani hakuna barabara kuu ya kuvuka. Mpangaji wa miji Clarence Perry, kwenye mpango wake wa mwaka 1929, aliweka jambo hilo katikati kabisa: shule ya msingi iwe moyo wa mtaa, barabara kubwa zipite kandokando, mtoto aende na kurudi bila kukutana na magari ya kasi. Kwa familia hii maana yake ilikuwa ya kawaida sana: mkubwa anaweza kurudi mwenyewe, na shule ina huduma ya watoto hadi saa kumi na mbili jioni. Mama anafika saa kumi na moja na dakika 35. Karatasi za Jumatano ziliandikwa upya, na safari hii saa tisa na nusu ilikuwa na jibu kwenye zote mbili. Baada ya miaka michache mkubwa huyohuyo atakuwa na umri wa kutaka kwenda kuogelea au kwa rafiki. Relini atapanda treni. Katika kitongoji kipya angemwomba mzazi ufunguo wa gari na mzazi mwenyewe ndani yake.

Gari la pili nalo likafutwa kwenye bajeti. Tofauti ya 4 kati ya 104 na 100, ukiigawa kwa marejesho ya miaka 25, ni ndogo kuliko gharama ya kumiliki gari la ziada, bima yake, mafuta yake na gereji yake. Nyumba iliyoonekana ghali ikawa nafuu kwa mwezi.

Kelele walizipima kwa kwenda usiku. Treni za abiria hazikusumbua. Ya mizigo, usiku wa manane, ilitetemesha vioo vya nyumba za mstari wa mbele. Wakaacha nyumba waliyoonyeshwa kwanza, wakatafuta mtaa wa tatu kutoka relini. Kiwanja kitupu jirani na stesheni kiliruhusiwa kujengwa hadi ghorofa tano. Mume aliliona kama doa. Mimi naona watu wengi zaidi karibu na stesheni ni treni nyingi zaidi na duka lisilofungwa mapema, mradi jengo halizibi jua lako.

Pingamizi la kweli lilitoka kwenye ramani ya mabomba. Walikuwa wamepanga kuongeza chumba nyuma. Bomba kuu la majitaka linapita chini ya uwanja huo wa nyuma, na mita tatu kila upande haziruhusiwi kujengwa. Kuongeza kunabaki kwenda juu tu, ghali zaidi, na kama msingi utabeba. Muuzaji hakuwa amelitaja. Dalali alidai hakulijua.

Walitoa 98, kwa sharti kwamba mhandisi akague msingi kwanza. Muuzaji akashuka hadi 101, wakakubali. Mwajiri wa mume alimruhusu siku moja ya kufanyia kazi nyumbani, ingawa aliomba mbili. Kwa wiki yeye atakuwa barabarani dakika 400 na mke 350. Katika kitongoji kipya ingekuwa 150 na 750. Ile 3 iliyookolewa kwenye bei imetengwa kwa ngazi ya kwenda juu na chumba kimoja. Bafu la pili litasubiri mdogo aanze darasa la kwanza, ada ya chekechea ikishaondoka kwenye matumizi ya mwezi.